Wake Wenza Wenye Nyuzi Sita

Tarehe 6 Februari

Kwako mke mwenzangu, mjukuu wangu mwenye vidole virefu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nakuitikia kabisa, ili ukifika hapa useme shikamoo yako huko uliko tuendelee na mambo ya maana.

Huku wazima. Mjomba wako ameezeka upya banda la nyuma. Zamani lilivuja upande wa mlango, sasa linavuja juu ya kitanda chake, kwa hiyo tumesonga mbele. Paka amezalia kwenye kapu la nguo za watoto nililokwisha kulichambua. Nimemwacha, uzazi ni uzazi. Mama yako hajambo, amenenepa, usimwambie nimesema.

Anayeniandikia ni shoga yangu wa mlango wa pili, fundi cherehani, yule uliyempa jina la Sindano ukiwa mdogo ukachapwa. Nimemwambia aandike ninavyotamka, asinitie manukato. Mimi shule niliipita kwa nje na mzigo kichwani, lakini maneno ninayo.

Simu yangu imeingia maji. Usinitumie nyingine. Na ya Sindano usiipige kunitafuta, ile ni ya wateja wake. Andika barua. Sindano atanisomea, nami nitaikalia kitako niifikirie. Simu inakudai jibu hata mate hujameza.

Sasa. Kumbe unataka kununua gitaa la umeme, la mtumba, na yako mawili yanafanana mpaka umekosa raha. Haya nayasikia kwa mama yako. Mbona mimi sikuulizwa? Nani kwenye ukoo huu amekula, amevaa na amelea watoto kwa kuchagua kitu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine? Gitaa silijui. Mtumba naujua. Niandikie habari za hayo mawili, usiruke kitu, hata kile unachoona si neno.

Mimi bibi yako, bado nipo.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Bibi,

Nimeisema kwa sauti kama ulivyotaka, wenzangu wakaacha tanuri wakanigeukia.

Mimi mzima. Niko palepale kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi, ila wamenitoa kwenye kupanga trei wamenipeleka kwenye kukata. Unga unaingia mpaka kwenye kope. Chumba changu ni kilekile, kitanda, ndoo, dirisha linalotazama ukuta. Mwambie Sindano lile jina nililitoa kwa mapenzi.

Bibi, gitaa ninalopigia kwenye kikundi chetu ni la kuazima na mwenyewe analitaka. Nimepata mawili. Yameandikwa jina moja kichwani, umbo moja, rangi moja ya kahawia inayoungua kuelekea weusi pembeni. Ukiyaona utasema pacha. Lakini moja ni la zamani, limetoka kiwanda cha kwanza. Jingine walilitengeneza miaka ya baadaye, kiwanda kingine, kwa urahisi, wakalibandika jina lilelile.

La zamani analo mwashi anayejenga ghorofa nyuma ya kiwanda chetu. Zito, limechubuka, shingo nene kama mpini wa shoka. La pili liko kwenye duka la vyombo vya muziki vilivyotumika. Mwenye duka tunamwita Miwani, kwa sababu anavaa moja puani na nyingine juu ya paji, sijui ile ya juu inamwonyesha nini. Hili lake linang'aa, jepesi, shingo nyembamba, vidole vinateleza vyenyewe. Kikundi chote kinasema hili la dukani. Mimi nashindwa kusema.

Na kuna jambo jingine. Nina kitu nimekitengeneza nataka ukisikie. Hakiandikiki. Nikipata gitaa nitakuja nalo pamoja na spika, tukae barazani, nikupigie wewe peke yako. Utapenda? Niambie tu kwamba utapenda.

Mke mwenzio wa kwenye unga.


Tarehe 15 Machi

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako Sindano ameisoma mpaka mtaa mzima umejua unakata mikate. Jirani wa ng'ambo ya barabara ameuliza lini utamtumia.

Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, kichwa cha babu yako kitupu, masikini. Nimekaa naye asubuhi nzima. Mtoto ana adabu huyo! Hajalia hata mara moja. Meza yangu ya sokoni nimemwachia binamu yako. Miguu. Usiniulize habari za miguu. Huyo binamu yako naye ameanza ujeuri, anasema nikikunja nguo navuma wimbo kama lori linalopanda mlima. Basi nimeacha kuvuma, akunje mwenyewe kimyakimya tuone kama zitanyooka.

Tuje kwenye gitaa. Nimeambiwa halina tundu. Gitaa lisilo na tundu! Sauti inatokea wapi, kwapani? Sindano anasema inapita kwenye waya. Haya, nimekubali, dunia imeharibika zamani.

Kwa kuwa wanafanana na wanamgombea mtu mmoja, nimewapa majina. La mwashi ni Bi Mkubwa. La dukani ni Bi Mdogo.

Sasa nisikilize. Mtumba hautazamwi kifuani. Kifuani kila nguo inacheka. Unaipindua ndani nje, unatazama kwapa, unatazama kola, unatazama makalio, pale mwili wa mtu uliposugua siku zote. Gitaa nalo lina kwapa lake, wewe ndiye unajua liko wapi, katazame hapo. Mchubuko wa mbele usikutishe, hata mimi ninao. Na lebo usiijali, lebo hubandikwa na mtu mwenye gundi. Nimeuza mashati ya lebo moja, hili likavaliwa na kaka, mdogo wake, na mdogo wa mdogo wake, na lile likafia kwenye ndoo ya kwanza. Tofauti ilikuwa kwenye mshono. Kwa hiyo tafuta shingo inapoungana na mwili, utazame mshono.

Halafu umuulize anayeuza kwa nini anauza, ukishauliza ufunge mdomo. Ufunge kabisa, hata ukiwashwa. Wewe najua utawashwa.

Mengine uliyoniuliza tutazungumza.

Bibi yako.


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo. Mashine ya kukatia ilikwama wiki mbili tukawa tunakata kwa mkono, sasa hata mkate wa nyumbani nikiuona nakunja ngumi. Mama amenieleza habari za mtoto wa shangazi. Anasema analia mpaka baba yake anakwenda kulala kwa jirani. Kumbe kwako wewe ndiko anakojua heshima!

Usinikasirikie, Jumapili nilipiga simu kwa Sindano. Nilikuwa na hamu na sauti yako. Ukazungumza, Bibi, ukaeleza mvua, ukaeleza paka, ukamsema mjomba, ukasema haya kwaheri, ukakata. Mimi nilikuuliza maswali matatu katikati, hukujibu hata moja. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nimewapindua wake zangu ndani nje. Bi Mkubwa nyuma ametoka rangi pale tumbo la mpigaji linaposugulia, na vile vyuma vya shingoni vimelika, mtu amempiga haswa. Lakini pale shingo inapoungana na mwili hapapiti hata ukucha. Bi Mdogo mbele hana doa. Kwenye maungio ukucha wangu umeingia ukapotea. Na chini ya nyuzi, zile sumaku zinazonasa sauti, moja imebadilishwa, risasi ya kuunganishia waya bado inang'aa.

Nikawauliza. Nilipofunga mdomo, Miwani alianza kumpangusa Bi Mdogo kwa kitambaa, akapangusa, akapangusa, akasema mwenyewe amesafiri, akasema tena mwenyewe ni mgonjwa, akaniuliza kama nakunywa soda. Mwashi yeye alifunga mdomo kama mimi. Tukakaa juu ya matofali mpaka chai yake ikapoa. Mwisho akanionyesha mkono wa kushoto. Tofali liliangukia vidole, viwili havikunji tena. Akasema, "Binti, mimi siuzi. Namtafutia mtu."

Lakini Bibi! Miwani alipomchomeka Bi Mdogo kwenye spika lake kubwa la dukani, nywele zilinisimama. Kila nilichogusa kilijaa chumba. Nimempa Miwani neno nusu. Mwisho wa mwezi ujao narudi kumchukua, labda uniambie vinginevyo.

Hujaniambia kama utapenda kusikia kile kitu changu.

Mke mwenzio.


Tarehe 28 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, wote wazima, salamu zimeisha. Barua hii nampa dereva wa lori la unga anayeleta mzigo kiwandani kwenu, posta wakiilalia utakuwa umeshaliwa.

Chomoa waya!

Hivi wewe ni mjukuu wangu au nilikuokota? Nguo za dukani wanazitundika chini ya taa. Gauni limepauka, lakini chini ya taa linaitikia. Mimi mteja nilikuwa namshika mkono namtoa nje juani, hata akikataa, namwambia, "Haya mama, sasa litazame." Nimekosa wateja kwa tabia hiyo, na walionipenda walinipenda kwa tabia hiyohiyo. Lile spika ni la nani? La Miwani. Utakwenda nalo nyumbani? Huendi nalo. Basi ulichopenda ni spika, umchumbie spika.

Wapeleke wote wawili juani. Bila waya, bila nini, mbao na nyuzi tu. Ndipo uniambie.

Kuhusu ile simu, mtandao ulikuwa mbaya. Sindano hapa ameinua kalamu ananitazama. Andika, Sindano. Mtandao ulikuwa mbaya.

Bibi yako.


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Bibi,

Dereva amenifikia. Alinikabidhi barua mbele ya msimamizi akasema, "Bibi yako amenitisha." Nyumbani kwangu salama, dirisha limepata mgeni, ndege amejenga kwenye ule ukuta wa mbele.

Nilianza kwa Miwani. Nikamwambia achomoe waya. Akasema, "Dada, gitaa la umeme bila umeme ni ubao." Nikamwambia ni agizo la bibi yangu. "Bibi yako anapiga gitaa?" Nikasema anauza mitumba. Akavua miwani zote mbili. Lakini akachomoa. Nikampiga Bi Mdogo pale mlangoni, gari zinapita, sikusikia kitu, nikatoka nimenuna.

Nikaenda kwa mwashi. Huko ndiko kubaya zaidi. Mashine ya kuchanganya zege inanguruma, vyuma vinagongwa, watu wanaitana kutoka juu. Nikampiga Bi Mkubwa, vidole naviona vinakwenda, masikio yangu hayapati chochote. Basi katika kuinama nimtazame, nikaegemeza taya kwenye pembe yake, ile inayochomoza juu karibu na shingo.

Bibi, sijui nieleze vipi. Sauti ilinijia kupitia mfupa. Ile mashine ya zege ikaondoka. Nikasikia uzi wa chini na wa juu, kila mmoja na mahali pake, na nikiacha kupiga ulibaki, ukakawia kuondoka, kama mgeni anayependwa. Mwashi alikuwa ananitazama tu. Akasema, "Ehe. Na mimi nilikuwa nafanya hivyo watoto wakilala."

Nikarudi mbio kwa Miwani nikamwekea taya Bi Mdogo. Alilia kidogo akanyamaza, kama aliyechungulia mlangoni akaona si kwao.

Ila mambo hayajaisha. Bi Mkubwa ananivunja bega, kitufe chake kimoja cha sauti kinakwaruza, na hizo shingo zao, wenzangu wanasema nyembamba inakwenda kasi. Wanasema jukwaani kuna spika, nani atakuja kuweka taya? Na wao ndio ninaopiga nao kila wiki. Nimekwama tena, nusu ya neno langu iko kwa Miwani.

Na wewe umekwepa swali langu mara mbili. Hutaki nije?

Mke mwenzio.


Tarehe 29 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Wazima. Mvua hakuna.

Hilo la taya. Nieleze tena, polepole. Ni mfupa upi hasa, ule wa chini ya sikio au ule wa kidevu? Meno yanafungwa au yanaachwa? Mimi upande wa kushoto huku chini sina meno, je, panafaa? Na hiyo mashine ya zege ilikuwa inanguruma kweli, au ni kuongeza chumvi? Ulisikia wimbo wenyewe au ulisikia mtetemo tu, kama ukigusa jokofu? Kama ni wimbo, ulijua umepanda au umeshuka?

Nauliza tu.

Sindano anakusalimu sana. Hilo la sana kaliweka mwenyewe.

Bibi yako.


Tarehe 17 Juni

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi, ya kwanza nimeifungia mkate.

Ni mfupa wa chini ya sikio. Meno yanaachwa kidogo. Mashine ilikuwa inanguruma kweli, sikuongeza. Na niliusikia wimbo, Bibi, ukipanda nilijua umepanda.

Sasa niache nikuulize mimi, na nikishauliza nitafunga mdomo kama ulivyonifundisha.

Barua zangu Sindano anazisoma mtaa mzima unasikia, na wewe umekaa naye goti kwa goti. Mtoto wa shangazi halii ukiwa naye. Simu imeingia maji, na ya Sindano isiyo na maji unaizungumzia peke yako. Meza ya sokoni umeiacha kwa ajili ya miguu, na mama anasema kila Ijumaa unapanda mlima kwenda kumtembelea shangazi. Nikikuuliza kama utapenda kunisikia, unaniandikia mitumba.

Bibi, masikio yako yana nini?

Bi Mkubwa hajaondoka na Bi Mdogo hajaondoka. Nimewaambia wote wanisubiri. Sinunui mpaka nipate barua yako.

Mjukuu wako.


Tarehe 2 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Nimechelewa kwa sababu nilikasirika. Nilimkasirikia kwanza Sindano, nikamwambia amekuandikia kwa siri. Tukanuniana, na nani sasa angeniandikia? Nikakaa na barua yako chini ya mto kama mjinga, karatasi haizungumzi na mimi siijui. Mwishowe akaja mwenyewe na kiti chake. Akasema kwa nguvu sikioni, "Sikumwandikia. Mjukuu wako ana akili, ulaumiwe wewe uliyempa." Tukalia kidogo. Usiandike hilo, Sindano. Ameandika.

Ndiyo. La kushoto limekwisha kufa, la kulia linalifuata taratibu. Daktari amenitazama, akaniambia kitu, nikamwitikia ndiyo, sikusikia alichosema. Sindano ndiye aliyeandamana nami mara ya pili akaelezwa. Hakuna dawa ya kurudisha. Kuna kidude cha kuvaa, ninacho, kinanipigia filimbi, naona vyombo vyote vya jikoni vimehamia kichwani. Nitakizoea au kitanizoea.

Pale sokoni mteja alikuwa akisema neno nami naitikia lingine. Walianza kucheka. Kucheka siogopi, nimewacheka watu maisha yangu yote. Nilichoogopa ni wengine, wale wapole. Wakawa hawaniambii mimi tena, wanamwambia binamu yako, mimi nimesimama hapo kama mwavuli. Nikaona wewe ukijua utafanya hivyohivyo, utaandika kwa mama yako, useme mwambieni Bibi hivi na hivi. Wewe ndiye uliyebaki unanigombeza moja kwa moja.

Na hicho kitu chako. Ningekuambia napenda, ungekuja na spika, ungepiga kwa moyo wako wote, ungenitazama usoni. Mimi ningetikisa kichwa na kutabasamu kama nilivyomfanyia daktari. Sitaki kukutabasamia uongo. Wengine sawa, si wewe.

Lakini ulipoandika habari za taya, nilimfanya Sindano airudie mpaka koo likamkauka. Nimejaribu na cherehani yake. Nimeweka mfupa juu ya meza yake akakanyaga. Nimesikia! Lakini cherehani ni cherehani, ina wimbo mmoja.

Sasa sikia vizuri na usinijibu upuuzi. Usinunue gitaa kwa sababu ya kizee. Mimi nitalisikia siku mbili tatu kwa mwaka, wewe utalibeba kila wiki na bega ni lako. Ukimchukua Bi Mkubwa kwa kunionea huruma nitajua, na nitakurudisha nalo mlangoni. Mchukue unayempenda.

Nimesema yote. Nipigie kelele kwa maandishi.

Bibi yako.


Tarehe 19 Agosti

Shikamoo Bibi wewe,

NAKUPIGIA KELELE KWA MAANDISHI. Sindano asome hapo kwa sauti ya kawaida tu, herufi zenyewe zinatosha.

Mwavuli! Nani atakufanya mwavuli? Mimi nitakugombeza mpaka tuzeeke wote wawili, na wewe umetangulia.

Nimemnunua Bi Mkubwa. Kaa, usisimame. Nilikwenda kwanza kwa Miwani kurudisha nusu ya neno langu, akanichomekea Bi Mdogo kwa mara ya mwisho, akaongeza sauti. Ilikuwa nzuri, Bibi, sitakudanganya. Nikapiga, nikapiga, kisha nikajikuta ninainama kutafuta mahali pa kuweka taya. Hapo nikajua. Tangu siku ile ya zege, gitaa nisilolisikia mfupani nahisi ninampigia mtu mwingine. Huruma haimo. Uliniambia nimtoe juani, nimemtoa, nimeona, sasa siwezi kujifanya sikuona.

Kikundi kimenung'unika. Mpiga ngoma amesema nimeoa mwenye umri wa mama yangu. Nimemjibu huyo ni mkubwa kuliko mama, na anapika vizuri. Bega linauma, nimeshona mkanda mpana kwa gunia la unga. Kitufe kinachokwaruza mwashi ameking'oa akakisafisha mwenyewe. Aliponikabidhi alimwekea taya kwanza, akakaa hivyo, sikumharakisha.

Nimeomba ruhusa kiwandani mwezi ujao. Nakuja. Spika silibebi.

Mke mwenzio.


Tarehe 30 Septemba

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba. Natumaini umefika salama na Bi Mkubwa hakugongwa kwenye mlango wa basi. Huku wazima. Paka amezaa tena, hana haya. Mjomba wako amehamisha kitanda, na mvua imemfuata. Jirani wa ng'ambo anasema mkate uliomletea ulikuwa mzuri ila umeukata vipande vinene, nimemwambia aende akakate mwenyewe.

Sindano ameniuliza aandike nini juu ya siku ile, nikamwambia yeye alikuwepo, aandike alichoona. Anasema aliona wanawake wawili wamebanana kwenye kiti kimoja, gitaa limewalalia, kichwa cha mmoja kimeinama juu yake kama anayechungulia kisimani, na haukusikika mtaani hata mlio. Watu walipita wakidhani tumelala. Ndivyo alivyoona. Mimi kwa ndani kulikuwa na karamu.

Hukuniambia ni nini utakachopiga. Ulikaa tu, ukanigusa shavu, ukanionyesha pembe ya gitaa, nikaweka mfupa. Mwanzoni nilisikia kukwaruza, nikasema basi, ni jokofu. Kisha ukaja. Nikasema, huyu mtu namjua. Nikasema, huyu ni mimi. Ni ule wimbo wangu wa kukunja nguo, usio na maneno, nilioacha kuuvuma. Sikujua kama kuna mtu aliyeushika. Nilidhani ulikuwa unalala pale sokoni juu ya marobota, kumbe mtoto ulikuwa unaniibia.

Uliona sikutabasamu. Ukaogopa, nilikuona. Nilikuwa nina kazi, nilikuwa nasikiliza.

Sasa nikuambie. Kuanzia mwanzo mpaka katikati umepatia. Pale panaporudiwa umepatia kuliko mimi mwenyewe. Lakini mwisho umekosea. Umeupandisha juu ukauacha huko. Wimbo ule hauishii juu. Mtu anakunja shuka, anaishika pembe kwa pembe, anainua mikono, halafu mikono inashuka na shuka inashuka nayo, na wimbo unashuka, unalala pale juu ya nyingine zilizokunjwa. Ukiuacha juu nguo zitabaki hewani.

Niliusikia wote, mjukuu wangu. Ndiyo maana najua ulipokosea.

Rudi uurekebishe.

Bibi yako, wa upande wenye meno.